Mchanga Usiokuwa wa Patmo

Edna Mbwambo aliondoka Rockville akiwa mweusi wa kawaida, akarudi akiwa mweusi wa starehe. Weusi huo ulikuwa na mipaka yake: ulianzia vidoleni, ukapanda mpaka magotini, ukakatika, ukaja kuibuka tena shingoni, maana kisiwani alikuwa akiingia baharini na vazi la kuogelea ambalo hata baraza la wazee wa kanisa lingelipitisha bila kura. Waumini wenzake walipomwona kwenye maegesho ya magari, nje ya duka moja la barabara ya Rockville Pike, walimzunguka wakamgeuza huku na huku kama wanakagua kitenge kipya.

"Patmo imekukubali, dada!" wakamwambia. "Hata ngozi inashuhudia!"

Edna akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Patmo hakuwahi kufika. Hakuiona hata kwa mbali. Na kule nyumbani kwake, chini ya kitanda, ulikuwepo mfuko uliojaa vichupa vya mchanga, kila kichupa na jina la muumini, ambavyo Jumapili inayofuata alitakiwa kuvigawa mbele ya madhabahu kama mchanga wa kisiwa alichofungiwa Mtakatifu Yohana.

Tuwe wakweli, uongo huu hakuusema yeye. Uliletwa na upendo wa watu, na upendo wa watu ukishaanza safari hauna breki.

Edna ni Mpare wa Usangi, kwenye milima ambayo mtu huzaliwa, hukua na huzeeka akiona maji mengi kwa jina tu. Amekaa Maryland, Marekani, miaka ya kutosha kulalamikia baridi kama mwenyeji. Kazi yake ni kulea wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabembeleza wanywe dawa, na kuwasikiliza wakisimulia vita, ndoa na mbwa waliokufa zamani. Mzee wake wa sasa ni Bibi Kaliopi, Mgiriki wa miaka themanini na kitu, mwenye ulimi mkali na miguu iliyogoma. Mwezi wa Mei, mwanawe Bibi, anayefanya kazi ya kompyuta kule Herndon, alimwambia Edna hivi: Mama anataka kukiona kisiwa chake kabla hajafa, na hataki kwenda na mimi, anasema nina haraka. Anataka kwenda na wewe.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Anafi. Ni kidogo hivi kwamba kwenye ramani unaweza kudhani nzi ametua.

Sasa, jumuiya ya Waswahili wa Rockville haiwezi kumwachia mtu asafiri hivi hivi. Mtu akienda hata Ohio, ataombewa. Basi wakakutana, Watanzania kwa Wakenya, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa wanaokodi baada ya Wamarekani kumaliza ibada yao, wakapika pilau, na Edna akasimama akasema anakwenda na mgonjwa wake kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki.

Hapo ndipo gari lilipoacha njia. Mtu aliyekulia ndani ya kanisa, ukimwambia kisiwa cha Ugiriki, kichwani mwake kipo kimoja tu. Mchungaji Lusekelo, Mnyakyusa mpole mwenye machozi ya karibu, alishika kifua.

"Patmo!" akasema. "Dada Edna anakwenda Patmo!"

Edna alifungua mdomo. Ukumbi ulikuwa tayari umesimama. Kinamama walikuwa wamepandisha wimbo, Mchungaji analia, Maandiko yamefunguliwa, na mtu amemwekea Edna mikono kichwani kwa nguvu ya kumzuia asipumue, sembuse kusahihisha. Alipopata nafasi akasema, "Kinaitwa Anafi." Wakajibu, "Amina!"

Walipotawanyika alikuwa na mfuko wa vichupa, kila mmoja akitaka aletewe mchanga wa Patmo. Vilikuwa vya viungo vya pilau, vimeoshwa, vingine bado vinanukia bizari. Cha mwisho alikabidhiwa na Rosemary Wainaina, Mkenya wa Nyeri, msaidizi wa wauguzi huko Oxon Hill, anayetembelea fimbo kwa sababu ya goti lililosagika kwa kunyanyua wagonjwa wazito kuliko friji.

"Usinisahau, Edna," alimwambia. "Aki hiyo mchanga nitapaka kwa goti kila asubuhi."

Edna akasema sawa. Neno "sawa" limeangamiza Waswahili wengi kuliko malaria.

*

Feri iliwashusha Anafi mchana, kwenye bandari ndogo yenye nyumba chache na paka wengi. Juu kabisa mlimani kulikuwa na kijiji cheupe kama kimemwagiwa maziwa ya unga, na chini bahari ya rangi ambayo Edna alikuwa akiiona kwenye kalenda na kudhani ni ujanja wa mpiga chapa. Bibi Kaliopi, ndani ya kiti chake cha magurudumu, alivuta hewa puani, akafumba macho.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia nini, Bibi?"

"Zaatari, yale majani ya kunukia. Na mavi ya mbuzi. Hiyo ndiyo nchi yangu."

Edna alicheka, maana kwao Usangi ukiondoa zaatari ni vile vile.

Walipanga chumba karibu na ufuko wa Klisidi. Asubuhi alikuwa akimsukuma Bibi mpaka kivulini, chini ya miti yenye majani membamba kama nyuzi, mmoja ameketi na mwingine ameketi, hakuna anayemharakisha mwenzake. Maji yalikuwa yanakuja, yanalamba mchanga, yanarudi. Hayakuwa na ugomvi na mtu. Siku za kwanza Edna aliingiza vidole tu. Kisha akafika magotini. Halafu asubuhi moja, hakuna mtu ila Bibi na punda wa jirani, alijilaza mzima mzima, akanyanyuka akitema chumvi na kupiga kelele kwa Kipare. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mama wa watoto wawili, hakuwahi kubebwa na maji. Alilala chali akatazama juu. Akagundua kuwa mgongo wake, ambao kwa miaka yote hiyo umekuwa ukiwabeba wengine, nao unajua kubebwa.

Ufuko mwingine, Rukunas, ni mrefu na mpana, na mahema yamesimama chini ya miti. Bibi alimwonya: "Kule kuna Wajerumani." Edna akajiuliza Wajerumani wana ubaya gani, hata kwao Upareni wamishenari wa Kijerumani walileta shule. Hawa wa Rukunas, hata hivyo, hawakuleta chochote, hasa nguo. Walikuwa wametandazwa pale wazee kwa vijana kama samaki wa kukausha, mmoja anasoma gazeti, mwingine anakata tikiti, na wote wakamsalimia Edna kwa adabu kubwa. Naye, kwa kuwa alifundishwa kuitikia salamu, aliitikia. Aliitikia akitazama mlima.

Na huo mlima ulistahili kutazamwa. Mwisho wa kisiwa, upande wa mashariki, mwamba mmoja mkubwa umesimama wima kutoka baharini, kipande kimoja, na kanisa dogo jeupe kileleni. Jioni mwamba huo hubadilika rangi polepole, kutoka kijivu hadi rangi ya ngozi ya embe bivu, na watu huacha kuongea bila kuambiwa.

Chini ya mwamba ule kuna monasteri, na kuta zake zimejengwa kwa mawe ya hekalu la zamani la mungu Apolo. Bibi alitaka apelekwe. Teksi ya kisiwa, ambayo kwa kweli ni pikapu ya muuza mboga, iliwafikisha. Bibi akagusa jiwe moja kubwa, la kale, lililopachikwa katikati ya mawe ya juzi juzi.

"Hawa watawa walimfukuza Apolo wakabaki na nyumba," alisema. "Keti, binti yangu, nikusimulie."

Akamsimulia. Zamani kulikuwa na mabaharia mashujaa waliokuwa wakirudi kwao na ngozi ya kondoo ya dhahabu, ambayo hawakuinunua. (Edna aliwaelewa haraka: wezi wa mifugo.) Usiku giza likawashika baharini, giza zito, hawajui kama wako juu ya maji au wamekwisha kufa. Nahodha akamlilia Apolo. Apolo akainua upinde wake wa dhahabu, mwanga ukapiga pande zote, na pale ambapo hapakuwa na kitu wakaona kisiwa. Ndicho hiki. Asubuhi wakajenga madhabahu wamshukuru. Tatizo, hawakuwa na divai wala ng'ombe wa kuchinja. Walikuwa na maji. Wakamimina maji juu ya kuni zinazowaka, kwa uso wa heshima kabisa.

"Kulikuwa na wasichana watumishi melini," alisema Bibi. "Walipoona mashujaa wanamtolea mungu maji matupu, walicheka wakashika mbavu. Mashujaa nao wakawarudishia matusi, na wasichana wakaongeza, na wakatukanana mpaka moto ukazimika, na hakuna aliyekasirika. Tangu hapo, kila walipomtolea Apolo sadaka kisiwani hapa, wanawake na wanaume walitukanana kwanza. Ilikuwa ibada. Aibu ilikuwa inatolewa pamoja na sadaka."

 Edna alikumbuka msiba wa babu yake, Usangi, mtani mmoja wa Kichaga alivyoshuka kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe mbuzi, kwa sababu marehemu alikuwa Mpare na Mpare hata kaburi atataka kulikodisha. Waliokuwa wanalia walicheka wakilia. Hakuna mhubiri aliyewafariji vile.

"Kwetu tunao huo," alisema. "Unaitwa utani."

"Basi na nyinyi mlipata mgeni kutoka huku," Bibi akasema kwa kiburi cha Mgiriki.

"Au nyinyi mlipata kutoka kwetu, Bibi."

Wakatazamana, wakacheka, na mtawa akawaletea biskuti.

Siku ya mwisho Edna alipiga magoti Rukunas akajaza vichupa. Bibi akamtazama.

"Mchanga wa nini?"

Edna akamweleza habari ya Patmo. Bibi Kaliopi alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena.

"Patmo ni nzuri," alisema. "Nimeenda. Lakini hiki ni kisiwa changu. Usikiibie jina."

*

Edna alikuwa amepanga kulimaliza jambo hili taratibu. Angemwambia Mchungaji pembeni, Mchungaji angewaambia wazee, wazee wangewaambia wake zao, na kufika Jumapili habari ingekuwa imepoa. Mpango mzuri. Ulivunjika Jumanne, Rosemary alipopiga simu.

"Edna! Karibu nyumbani! Sasa sikia. Ile sajari ya goti, si walikuwa wameniwekea wiki ijayo? Nimewapigia nikawaambia wangoje. Nitawaambia nini, na mchanga imefika?"

"Umeahirisha upasuaji?"

"Nimeahirisha. Kwanza nipake mwezi mmoja nione Mungu atasema nini. Si wewe mwenyewe ulikanyaga pale?"

Edna alikata simu. Jina lake kuchafuka ni jambo moja, jina hufuliwa. Lakini goti la Rosemary halikuwa na muda wa kumngoja Edna apate ujasiri. Na akijua hivyo, alijua pia kwamba mbele ya ule ukumbi, Mchungaji akilia na kinamama wakiimba, ulimi wake ungesema "sawa" kwa mara ya pili.

Akampigia Clement Massawe.

Clement ni Mchaga wa Marangu, mzee wa kanisa na fundi wa viyoyozi, na tangu siku ya kwanza walipofahamiana hajawahi kumsalimia Edna bila kumtukana. Ndiyo haki yake, mtani.

"Mpare," aliitikia, "umenipigia mwenyewe? Salio limekuwa la bure?"

"Clement, Jumapili nitasema jambo baya mbele ya watu. Nikianza tu, unianze kwa utani."

"Baya kiasi gani?"

Akamwambia. Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kucheka, ikikoroma kama kiyoyozi kibovu.

"Usinihurumie," Edna akasema. "Ukinihurumia nitalia, nikilia watadhani ni Roho, na mchanga utagawiwa."

"Mtani wangu," Clement akasema, "kukuhurumia sijui hata kunaanzia wapi."

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Mchungaji Lusekelo alikuwa ameandaa meza yenye kitambaa cheupe, na vichupa vikapangwa juu yake. Rosemary alikaa mbele, goti amelinyoosha kwenye kiti cha pili, tayari kwa kupokea.

"Dada Edna," Mchungaji akasema, sauti imeshalowa, "tupeleke Patmo."

Edna akasimama. Aliwaangalia wote. Akaliangalia goti.

"Sikwenda Patmo," alisema. "Nilikwenda kisiwa kinaitwa Anafi. Niliwaambia siku ile, lakini niliwaambia kwa sauti ya kutosikika, na mlipoitikia amina nikanyamaza. Huu mchanga ni wa ufuko tu. Tena ni ufuko ambao watu hulala uchi."

 Mchungaji alitoa leso, akasahau ya nini.

Ndipo Clement akanyanyuka kule nyuma.

"Nilijua!" akanguruma. "Nilisema mimi! Huyu Mpare tumemtuma Patmo, akashuka kituo cha karibu abane nauli!"

Mtu mmoja akapasuka kicheko, akajiziba mdomo.

"Wewe Mchaga kaa chini!" Edna akamrudishia, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu atoke uwanja wa ndege, ikatoka nzima. "Ungetumwa wewe, sasa hivi Patmo ingekuwa na baa! Mtakatifu Yohana angekuta pango lake limepangishwa!"

"Heri mimi ningelipangisha! Wewe umetuletea mchanga uliolaliwa na makalio ya watu!"

"Ni ya Wajerumani, Clement! Ndiyo yaliyowajengea shule nyinyi!"

Watanzania walikuwa wameshainama juu ya viti. Wakenya walikuwa wanatazamana kwa hofu. "Kwani hawa wanapigana?" akauliza Chepkoech, mama wa kwaya kutoka Kericho. Akaelezwa haraka haraka kuwa hapana, hawa ni watani, wangekuwa wanapigana wangeongea kwa heshima. Mchungaji Lusekelo, ambaye kwa dakika nzima uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa mahubiri, alianza kutikisika mabega, akajifuta machozi, na safari hii yalikuwa ya aina nyingine.

Lakini Rosemary hakucheka. Aliiegemea fimbo yake, akanyanyuka, akatembea mpaka mezani hatua kwa hatua, na kadiri alivyosogea ndivyo vicheko vilivyozimika. Akachukua kichupa chenye jina lake. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Kwa hivyo hii si kitu," alisema.

"Ni mchanga, Rosemary."

"Na ulijua tangu ile siku tulikuombea."

"Nilijua."

"Na ukaniwachia nikapigia hospitali."

 Edna alimtazama Clement, Clement alikuwa anatazama viatu vyake. Hata utani una mahali unapovua kofia.

"Unajua kwa nini nilitaka hii kitu?" Rosemary akasema, si kwa hasira. "Si ati mimi ni mjinga. Mimi nafanya kazi hospitali. Nimeona vile watu huingia pale wakitembea wanatoka wakisukumwa. Naogopa hiyo kisu, Edna. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nisiende."

"Mimi sikuambii usiende," Edna akasema polepole. "Nakuambia nenda, na mimi nitakupeleka. Nitakaa pale mpaka uamke. Ndiyo kazi yangu kila siku kwa watu nisiowajua; itanishindaje kwako?"

 Rosemary akamgeukia Clement.

"Wewe, mzee wa matusi. Huyo mtani akishatukana, analipwa?"

"Lazima," Clement akasema. "Asipolipwa hatoki kaburini."

"Basi na mimi kutoka leo ni mtani wa huyu mama, hata kama nimetoka Nyeri. Atanilipa. Atanipikia mpaka siku nitatupa hii fimbo, na si ugali ya Wapare ya kupimwa na kijiko." Akakitia kichupa mfukoni. "Na hii nabeba. Jina ni yangu."

Hapo ukumbi ukalipuka, Wakenya wakiwa mbele. Vichupa vyote viliondoka mezani, kila mtu akidai chake, wengine wakikinusa wajue kama kweli kuna Mjerumani ndani. Mchungaji akahubiri kwa kifupi habari ya mwanga unaowatokea watu waliopotea usiku, akajikuta ameingiza na upinde wa Apolo, maana Edna alikuwa ametoka kumsimulia jikoni wakati vichupa vinagombaniwa. Wazee wawili wakakunja uso. Waliobaki wakaitikia amina.

*

Upasuaji ukawekwa upya, nao ukafanyika. Rosemary alipozinduka, Edna alikuwa pale kando ya kitanda, na chakula chake kwenye hotipoti, pilau, imezidi hata kifuniko hakikukaa vizuri. Dirishani alikuta amewekewa kile kichupa, jua la mchana linapita ndani yake na kuangusha doa dogo la dhahabu ukutani.

Rosemary alilitazama doa hilo kwa muda, macho bado mazito kwa dawa.

"Haya, niambie," alinong'ona. "Hicho kisiwa chako."

Edna akaanza na giza na mabaharia.

"Hapana," Rosemary akamkatiza. "Anza na maji. Niambie vile ulilala juu ya maji."

Akaanza na maji. Alimwambia yanavyokuja, yanavyolamba mchanga, yanavyorudi; jinsi mgongo unavyoogopa kwanza, halafu unaachia. Rosemary alifumba macho, mkono wake umetulia juu ya shuka, pumzi zikipanda na kushuka. Edna akajua amelala. Akashusha sauti, akanyamaza, akanyoosha mkono achukue kijiko aonje pilau kabla haijapoa.

"Edna," Rosemary akasema, macho yamefumbwa vile vile. "Hao Wajerumani. Ni uchi kabisa kabisa, ama kulikuwa na kofia?"